Barabara si Zawadi

Tunasikia maneno mawili juu ya barabara zetu. Wazee wengine husema: «Wabelgiji walituachia njia nzuri, nasi tumeziharibu.» Vijana husema: «Ngojeni, mkubwa fulani atatuletea lami, na umaskini utakwisha.» Sisi tunaona kwamba maneno haya mawili yana kosa moja: yanaifanya barabara kuwa zawadi.

Haikuwa zawadi wakati wa Wabelgiji. Ni nani waliokata miti, wakabeba mawe, wakasawazisha udongo? Ni baba zetu, kwa kazi za lazima. Vijiji vingi viliondolewa penye mashamba na makaburi ya wazee, vikapangwa mstari kando ya njia, ili bwana wa serikali ahesabu watu kwa urahisi, na kamiyo zichukue pamba na mawese. Njia zilikuwa safi, ni kweli. Lakini tusisahau jasho lililozisafisha.

Leo pia si zawadi. Mwaka 1971 serikali iliunda Ofisi ya Barabara, ambayo mzigo wake unapita kilometa 58,000. Mwaka 2008 sheria iliunda mfuko wa taifa wa kutunza barabara, unaopata pesa katika mafuta ya motokari na kodi ya njia. Mwaka ule ule mapatano yalifanywa na makampuni ya China: madini yetu kwa barabara. Basi, nani analipa? Mwenye kamiyo akilipa, huongeza bei ya chumvi na sabuni. Mama anayenunua chumvi sokoni amekwisha kulipia barabara, hata kama hajapanda motokari siku moja. Nayo madini yanatoka katika udongo wa nchi yetu sote. Mtu akinunua jembe kwa pesa yake, je, atampigia magoti aliyemletea?

Tena, kufungua barabara si kazi yote. Barabara ya Taifa namba 1 inatoka Banana baharini mpaka Kasumbalesa, kilometa zaidi ya 3,000. Lakini mahali pengi mvua ikinyesha, kamiyo hulala topeni. Adui wa barabara ni maji. Mfereji ukiziba, maji hupita katikati ya njia. Shimo dogo la leo litakuwa korongo mwaka ujao. Dawa yake ni ndogo: kantonye mwenye jembe na chepeo, anayelipwa kila mwezi, na bariere ya mvua inayofungwa kwa watu wote. Lakini kantonye asipolipwa, atarudi shambani kwake. Na mwenye kamiyo nzito akitoa pesa kidogo ili bariere ifunguliwe, anaharibu kwa saa moja kazi ya wiki nzima.

Tusiwalaumu wakubwa peke yao. Wako wanakijiji wanaofurahia shimo, kwa sababu kamiyo ikikwama wanapata pesa ya kuisukuma. Hao wanaiba njia ya mama mjamzito anayepelekwa hospitali, na bei ya mihogo ya jirani yao inayoozea kijijini.

Ndugu, siku mkubwa atakapokuja kukata utepe, tumpigie makofi, ni adabu. Kisha tumwulize neno moja: «Nani atazibua mifereji mwaka ujao, na mshahara wake uko wapi?» Aliyelipa ana haki ya kuuliza.