CHEMA HAKIJIUZI SHULENI

Wazee husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii yafaa sokoni, shuleni yatudanganya. Wako watu waaminio kwamba mtoto mwenye akili atajitokeza tu, hata akiwa wa jamaa maskini kabisa, na kwamba asiyejitokeza hakuwa na kitu. Sisi twalikataa neno hilo, na shahidi wetu ni Bibi Jewel Plummer Cobb wa Marekani, mtaalamu wa chembe hai za mwili, aliyefariki tarehe 1 Januari, 2017, akiwa na miaka 92.

Bibi Cobb alizaliwa Chicago mwaka 1924. Baba yake alikuwa daktari, na vitabu havikukosekana nyumbani kwao. Hata hivyo, alipoingia Chuo Kikuu cha Michigan alikuta wanafunzi weusi wametengwa katika malazi. Akahamia Talladega, chuo cha watu weusi huko Alabama, akahitimu mwaka 1944. Alipoomba msaada wa masomo katika Chuo Kikuu cha New York alikataliwa kwanza. Akafunga safari, akasimama mbele yao na sifa zake mkononi, wakampa. Mwaka 1950 akapata udaktari wa falsafa. Basi twauliza: ikiwa binti wa daktari alilazimika kubisha hodi mara mbili, mtoto wa kibarua atabisha mara ngapi?

Katika utafiti, alikuza chembe za saratani ya ngozi katika vyombo vya kioo, akachunguza melanini, yaani ile rangi iitiayo ngozi weusi na kuikinga na jua. Pamoja na Daktari Jane Wright alipima jinsi dawa zinavyotenda juu ya chembe za saratani za binadamu. Kazi hiyo peke yake ingalitosha kumpa heshima.

Lakini yeye hakutaka kupita mlangoni kisha aufunge. Mwaka 1969 alikuwa mkuu wa masomo katika Connecticut College, na huko akaanzisha mpango wa kuwaandaa vijana weusi na wengine waliosahauliwa ili waingie vyuo vya uganga. Mwaka 1979 aliandika makala akiifananisha elimu ya sayansi na chujio ambalo matundu yake huwa madogo zaidi wanapopita wanawake. Toka 1981 hata 1990 aliongoza chuo kikuu cha serikali huko Fullerton, California, na katika uongozi wake zikajengwa nyumba za kwanza za wanafunzi kulala chuoni. Yule aliyetengwa malazini aliwajengea wengine malazi. Baadaye, huko Los Angeles, alisimamia mpango wa kuwavuta watoto wa shule wa jamaa maskini waingie katika sayansi na uhandisi.

Wako watakaosema kwamba huku ni kupunguza kipimo. Sivyo hata kidogo. Kumfunza mtoto kabla ya mtihani si kumpunguzia mtihani. Ni kuhakikisha kwamba mtihani wapima akili yake, wala si mfuko wa baba yake.

Liko funzo lingine, nalo ni chungu. Mpango wa Connecticut uliigwa na vyuo vingine, lakini pale pale ulipozaliwa ulikomeshwa baada ya Bibi Cobb kuondoka mwaka 1976. Jambo jema likitegemea mgongo wa mtu mmoja, litaondoka pamoja naye.

Kwa hiyo twawaambia wakuu wa shule, wazazi na wenye mamlaka: msingoje mtu wa huruma atokee. Msaada kwa mtoto wa maskini uandikwe katika makisio ya fedha ya kila mwaka, upewe mwalimu wake, chumba chake na saa zake, kama yapewavyo masomo mengine yote. Na ninyi mliosoma, kumbukeni kwamba hapana hata mmoja wenu aliyefika hapo bila kufunguliwa mlango. Wafungulieni walio nyuma yenu.