UCHAMBUZI: Kampuni ya mashua Sagana ipimwe kwa siku inazokataa kazi

KILA ifikapo Novemba, afisi, vyama vya akiba na makundi ya vijana wa makanisa katika kaunti za Meru na Embu huanza kupanga safari za kufunga mwaka. Baadhi yao sasa huelekea Sagana, katika Kaunti ya Kirinyaga, ambako tangu miaka ya 1990 kumekuwa na biashara ya kuwateremsha watu katika mikondo mikali ya Mto Tana kwa mashua za mpira.

Mpwa wangu anayeishi Runyenjes ni mweka hazina wa chama kimoja cha aina hiyo, chenye wanachama 22. Majuzi aliniletea bei za kampuni tatu akitaka nimsaidie kuchagua iliyo nafuu. Nilimjibu kwamba bei ni swali la mwisho. Kwanza aulize ni siku gani kampuni hiyo hukataa kuingia mtoni, na pesa za wateja huenda wapi siku hiyo.

Aliona kama ninamkwepa. Hata hivyo, sababu ipo katika mto wenyewe.

Wanaozuru Jinja, Uganda, huteremka Mto Nile unaotoka moja kwa moja katika Ziwa Victoria. Ziwa hilo ni kama tangi kubwa. Maji yake hayapandi wala kushuka kwa usiku mmoja. Wenzetu wa Jinja wamepata hasara ya aina nyingine: bwawa la Bujagali lililokamilika mwaka 2012, na lile la Isimba lililozinduliwa mwaka 2019, yalimeza sehemu ya mikondo iliyokuwa ikiwavutia watalii.

Tana ni kinyume chake. Mabwawa yake makuu, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, yako chini ya Sagana. Masinga, lililo juu ya mengine yote na ambalo lilikamilika mwaka 1981, hupokea maji baada ya mashua kupita. Juu yake hakuna bwawa kubwa la kuyatuliza. Mvua ikinyesha usiku katika misitu ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mto huja umejaa asubuhi, hata kama Sagana kwenyewe kuna jua.

Kwa miaka mingi nimehariri habari za watu waliosombwa na mafuriko ya ghafla, na nyingi huwa na sentensi ile ile: mvua haikuwa ikinyesha pale walipokuwa. Ndivyo ilivyokuwa katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako vijana wa kundi la kanisa walifariki mwaka 2012, na ambako watu saba waliangamia Septemba 2019.

Ugumu ni kwamba mchezo huu unahitaji maji. Wakati wa kiangazi mashua hukwama kwenye mawe. Mto mzuri ni ule uliokwisha kupata mvua, na kwetu sisi wa upande wa mashariki wa mlima, mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba mara nyingi ndizo nzito kuliko za masika. Yaani vyama vyetu hupanga kufunga mwaka wakati ambapo mto unasisimua zaidi na kutabirika kidogo zaidi.

Mikondo ya mito hupimwa duniani kwa daraja la 1 hadi la 6; la 1 ni maji yanayotembea polepole, la 6 ni mahali ambapo hakuna kampuni yenye busara itakayompeleka mteja. Lakini daraja si jina la kudumu. Mkondo ulio wa 3 Jumatatu waweza kuwa wa 4 au zaidi Jumatano. Kwa hivyo kampuni inayokutajia daraja bila kutaja kimo cha maji imekupa nusu ya jibu. Iulizwe inapima wapi, nani husoma kipimo hicho asubuhi, na maji yakifika wapi ndipo hufunga kazi. Waelekezi wanaoujua mto hujibu haraka, kwa kutaja jiwe au nguzo fulani. Asiye na mpaka ataanza kukusimulia jinsi wateja wake walivyofurahi.

Suala la pesa ndilo huamua mengine. Kampuni isiyorudisha pesa, wala kukubali kubadilisha tarehe, imejiwekea sababu ya kuingia mtoni siku isiyofaa. Isitoshe, hata kundi lenyewe hugeuka kuwa shinikizo. Watu 22 waliochanga tangu Machi, waliovaa fulana za chama na kusafiri tangu alfajiri, hawapendi kuambiwa warudi nyumbani. Ni vigumu kwa kijana mwelekezi kusimama mbele yao na kusema hapana ikiwa mwajiri wake hajamruhusu.

Leseni ni ya lazima. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, ndiyo hutoa leseni na kukagua biashara hizi. Bima nayo ionyeshwe kwa karatasi, si kwa maneno. Kuhusu waelekezi, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IRF, hutoa vyeti. Atakayeongoza mashua aulizwe kama anacho, na kama amejifunza uokoaji katika maji yaendayo kasi na huduma ya kwanza. Lakini leseni iliyotolewa Januari haijui maji ya Novemba.

Sisi tuliolelewa kwenye miteremko ya mlima huu tunajua kuvuka mito, si kuogelea. Kampuni nyingi husema kuogelea si sharti, na jaketi la kuokolea lililofungwa barabara humwelesha yeyote. Hata hivyo, asiyejua aseme mapema, wala asione haya mbele ya wenzake. Mtu akianguka majini hulala chali na kutanguliza miguu kuelekea mto uendako. Asijaribu kusimama, kwani mguu unaweza kunasa kati ya mawe na mkondo ukamlaza kifudifudi. Mafunzo ya namna hii yakitolewa kwa dakika tano huku watu wakipigana picha, mweka hazina ana haki ya kudai yarudiwe. Aidha, ahakikishe kuna mwokoaji mwenye mtumbwi wake mdogo anayetangulia mashua, na kamba za kurushia walioanguka.

Kuna jambo ambalo kampuni ya mtoni haiulizwi kabisa, nalo ni barabara. Kutoka Embu, Sagana iko karibu kupitia Kutus na Kagio. Anayetoka Meru mjini hupita daraja la Nithi, ambako zaidi ya watu 30 walikufa katika ajali moja ya basi Julai 2022. Kundi linaloondoka Meru saa tisa usiku, likashinda majini, kisha likarudi gizani na dereva aliyeshinda akingoja, limekabili hatari yake kubwa kabla na baada ya mto. Gharama ya kulala Embu usiku mmoja ingepaswa kuingizwa katika hesabu hata kabla ya bei ya mashua.

Mpwa wangu alizipigia simu kampuni zote tatu. Ya bei ya chini ilimwambia haijawahi kuahirisha safari. Ya pili haikutaka kuzungumzia kurudisha pesa. Ya tatu, iliyokuwa ghali zaidi, ilimtajia kimo cha maji, ikamwambia pesa hurudishwa zote wakifunga mto asubuhi hiyo, kisha ikamuuliza kwa nini amechagua Novemba.

Wanachama walibishana Jumapili nzima. Wameisogeza safari hadi wiki ya pili ya Januari, na wawili wamedai mchango wao.