Miguu ya mbwa wa doria ilindwe

Mbwa wanaofuatilia majangili katika maeneo ya Serengeti na Amboseli wasipelekwe doria bila kukaguliwa miguu na, penye mawe makali, kuvishwa viatu.

Mwiba wa mgunga hupenya ngozi nene ya wayo na kukatikia ndani. Usipotolewa mapema, jeraha hutunga usaha. Mbwa anayechechemea hafiki mbali, na jangili hamsubiri.

Joto nalo lisipuuzwe. Mwamba wa mchana usiovumilika kwa kiganja cha askari humuunguza mbwa vilevile.

Viatu navyo vina kasoro: vikibana, vinachubua. Wenye kupanga bajeti watenge fedha za viatu vinavyowatosha mbwa, dawa na daktari wa mifugo aliye karibu, na ukaguzi wa miguu uandikwe katika daftari la kila doria kuanzia sasa.