Gesi ya Kiyoyozi na Ujira wa Kutafuta

Mintarafu ya gharama za kutengeneza kiyoyozi cha gari, malalamiko hayaishi hapa Niboye, jijini Kigali, na aghalabu lawama zote humwangukia fundi: kwamba ni ghali, kwamba gesi aliyoitia juzi imekwisha, kwamba kesho atadai fedha nyingine. Baadhi ya lawama hizo ni za haki, lakini mwenye gari naye ana fungu lake katika hasara hiyo, tena kubwa, kwa kuwa afikapo gereji hamwombi fundi atafute kilichoharibika, bali humwamuru, kama tabibu aliyekwisha kuandika dawa, “Nijazie gesi.”

Gesi hiyo si petroli hata iliwe na mashine kwa kadiri gari linavyokwenda. Huzunguka mumo kwa mumo, ikishindiliwa na kompresa, ikipozwa kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, ikitanuka nyuma ya dashibodi na kufyonza joto la ndani, kisha ikarejea ilikotoka. Na ghairi ya kiasi kidogo kipenyacho katika mipira kwa miaka mingi, ikipungua sharti pawepo mahali inapovuja. Fundi mwenye makini hupatambua kwa jicho: penye kiungo kilicholegea hujikusanya vumbi jeusi la kunata, kwa sababu mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi na hutoka nayo. Akipapaka povu la sabuni, huliona likiumuka taratibu. Kazi hiyo yaweza kula saa nzima, na ikiisha mteja haoni kilichoongezwa garini mwake. Ndiyo maana hataki kuilipia.

Ughali wenyewe huzaliwa hapo. Mafuta yakishatoka, kompresa husagika kavu kavu. Na fundi akijaza gesi pasipo kwanza kuvuta hewa na unyevu kwa pampu, unyevu ule huzaa asidi inayokula vyuma kwa ndani. Hivyo kipira cha kiungo, kitu cha thamani haba, kikipuuzwa huja kudai kompresa nzima, nayo katika nchi hii isiyo na bandari ya bahari hufika kwa malori kutoka Mombasa au Dar es Salaam, ikiwa imebeba nauli, ushuru na faida ya kila mkono iliopitia, au hung’olewa katika gari kuukuu na kuuzwa bila dhamana. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, na katika biashara hii mchukuzi si mwenye gari.

Wapo wasemao kwamba Kigali, iliyo takriban mita 1,500 juu ya bahari, haina haja ya kiyoyozi. Yamkini hawajateremka kuelekea Sonatubes katika mvua ya Aprili, vioo vyote vikiwa na ukungu, wakajua kwamba kiyoyozi hukausha hewa hata dereva akaiona njia.

Tena mji wetu ndio uliolipa jina lile Rekebisho la Kigali la Itifaki ya Montreal, lililopitishwa hapa tarehe 15 Oktoba 2016 ili kupunguza gesi za jamii ya hii ya viyoyozi, na miongoni mwazo R-134a iliyomo katika magari yetu mengi, ambayo kilo yake moja huipasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dioksidi. Gari dogo hubeba kama nusu kilo. Na fundi aminyapo vali kwa bisibisi, ikalia psss mpaka ikanyamaza, yote hiyo hupotelea hewani. Nchi zinazoendelea za kundi letu zimejifunga kupunguza matumizi kwa asilimia 80 ifikapo 2045, kwa hiyo asitegemee mtu kwamba bei ya gesi itashuka.

Mashine ya kuinyonya gesi, kuisafisha na kuirudisha kwa mizani haiwezi kununuliwa na fundi wa kandokando ya njia peke yake, wala si insafu kumlaumu kwa kukosa. Mafundi wa Kicukiro wakiungana, na wilaya ikawadhamini kwa mkopo, mashine moja yaweza kuhudumia gereji kadhaa kwa zamu. Nasi wateja tukubali ujira wa kutafuta uwe mbali na ujira wa kujaza, na tudai stakabadhi iandikwe bayana palipovuja, kilichobadilishwa, na gramu ngapi za gesi zilizoingia.