Msawazo Si Kutulia Tu

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha mada ya msawazo kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza. Nilichora mizani ubaoni, nikaandika kwamba kitu kimo katika msawazo endapo kani zote zinazokitenda zinabatilishana, kisha nikaongeza kwa maneno yangu: "Yaani, kimetulia." Mwanachuo mmoja, mzaliwa wa kisiwa cha Rukuba, akauliza: "Mwalimu, mtumbwi ambao abiria wake wameketi, na mtumbwi ambao abiria wake wamesimama, yote miwili ikiwa imetulia majini, je, msawazo wake ni mmoja?" Nikajibu, "Ndiyo," nikaendelea na somo.

Jibu lile lilikuwa baya, nami nachelea kwamba wakufunzi wengi tungalitoa lile lile.

Neno "kutulia" lenyewe lapotosha. Mashua inayotoka Rukuba kwenda Musoma kwa mwendo usiobadilika, bila kupinda, nayo imo katika msawazo, kwa kuwa msukumo wa injini walingana na ukinzani wa maji na upepo. Lakini hilo ni dogo. Swali la mwanachuo yule lilihusu jambo zito zaidi: kitu kikitikiswa kidogo, je, kitarudi kilivyokuwa, au kitaendelea kuanguka?

Mtumbwi unaoelea una kani kuu mbili: uzito, unaovuta chini kupitia kitovu cha uzito, na kani ya maji, inayosukuma juu. Mtumbwi ukiinama, upande ulioinama huzama zaidi, na kani ya maji huhamia huko na kuuinua tena. Abiria wakisimama, uzito hauongezeki hata kidogo, ila kitovu chake hupanda. Kikipanda kupita kiasi, mwinamo mdogo tu hukitupa nje zaidi ya mahali kani ya maji ilipohamia, na kani zile zile mbili zilizokuwa zikiurudisha mtumbwi sasa huupindua. Manahodha wetu walijua hayo bila ubao. Abiria asimamaye kabla ya kufika ufukweni hukaripiwa papo hapo.

Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kufika gatini katika kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliofariki peke yao walizidi 200. Licha ya kuzidishwa watu, ilielezwa kwamba abiria walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Mtu wa kilo 60 akisogea meta moja kutoka katikati huleta momenti ya nyutoni-meta 600 hivi. Watu 50 wakisogea pamoja huleta 30,000. Hesabu hiyo mwanachuo yeyote aiweza, lakini sijapata kuiona katika andalio la somo hata moja.

Vifaa havina gharama. Chukua kopo bapa, lieleze katika karai la maji. Ndani yake simamisha kipande cha mti, na kando yake, sakafuni mwa kopo, panga vijiwe vitano. Liinamishe kwa kidole, uachie: litarudi. Sasa viweke vijiwe vile vile juu ya kile kipande cha mti. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kabla hujaligusa kopo, waulize watoto litafanya nini, nao waandike. Kipande kikiwa kirefu vya kutosha, kopo litapinduka. (Kisipokuwa kirefu, ongeza kingine, usikate tamaa mbele ya darasa.)

Wenzangu husema kwamba haya ni ya sekondari. Sikubaliani nao. Jina la kitovu cha uzito laweza kungoja. Jaribio haliwezi, maana mtoto wa Rukuba huvuka ziwa tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Mwanachuo yule amekwisha kuhitimu na sasa anafundisha. "Ndiyo" yangu imo katika daftari lake.