Gari ni Bodi, Injini ni Kipuri

Tangazo la kuuza gari la zamani lina maneno yake, na kila aliyewahi kutafuta Corolla au Mark II ya bei nafuu anayajua kwa ghibu: "Injini haijaguswa, gia boksi safi, AC inapiga baridi, bodi mambo madogo madogo." Hayo mambo madogo madogo hayatajwi. Mnunuzi naye hayaulizi, maana amekua akisikia kwamba gari ni injini na mengine yote ni urembo. Anakuja na fundi wake, boneti inafunguliwa, fundi anasikiliza mlio, anachomoa kijiti cha oili, anaangalia moshi, kisha anatoa hukumu: chukua. Hakuna aliyeinua kapeti. Masika yakiingia, maji yanajaa miguuni pa abiria, na hapo ndipo linapotolewa lile jibu linaloudhi kuliko yote: gari la zamani lazima livuje, cha msingi injini ni nzima. Jibu hilo ni la uongo kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na wanaolilipia ni watu wenye fedha kidogo kuliko wote wanaonunua magari.

Tuanze na gari lenyewe lilivyo. Lori lina chesisi, yaani vyuma viwili virefu vinavyobeba kila kitu, na kibanda cha dereva kimewekwa tu juu yake. Kibanda kikioza, kinashushwa na kingine kinapandishwa. Gari dogo halina kitu hicho. Tangu Lancia Lambda ya mwaka 1922 na Citroën Traction Avant ya 1934, watengenezaji walijifunza kuyafanya mabati yenyewe yawe mifupa, na leo Corolla, Carina, Premio na wenzao wote wamejengwa hivyo. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimechomelewa pamoja vikawa kitu kimoja, na uzito wa abiria, nguvu ya breki na kishindo cha ajali vyote hupitia humo. Chuma chenyewe ni chembamba, sehemu nyingi hakifiki unene wa milimita 1. Injini imeshikwa na bolti chache na mauntini za raba. Ikifa, winchi inaitoa, na nyingine ya mtumba inatafutwa Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi. Fundi mzuri akishinda kazini siku mbili gari linawaka tena. Kadi inarekebishwa namba ya injini, basi. Namba ya chesisi haibadilishwi, kwa kuwa imegongwa kwenye chuma cha bodi, na chuma hicho kikiisha, gari limeisha. Hata sheria inajua gari ni lipi. Wasiojua ni sisi tunaolinunua.

Sasa hayo maji yanaingiaje? Chukua mlango peke yake. Watu wanaamini mlango umetengenezwa usiingize maji, kwa hiyo ukiingiza, basi umezeeka. Ukweli ni kwamba mlango wa gari, hata lililotoka kiwandani jana, huingiza maji kila mvua inaponyesha. Raba inayofuta kioo ukingoni mwa dirisha haiwezi kuzuia kila tone. Maji huteleza na kioo hadi tumboni mwa mlango, hupita kwenye mota ya dirisha na vyuma vya kitasa, hufika chini na kutokea kwenye matundu madogo yaliyoachwa kwa makusudi katika ukingo wa chini. Kati ya tumbo hilo na ubao wa ndani, ule ambao dereva anaegemeza mkono, pana karatasi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Karatasi hiyo ndiyo ukuta wa mwisho. Gari la miaka 20 limeshafunguliwa milango mara ngapi? Fundi redio alifungua aweke spika kubwa, fundi umeme akafungua abadilishe mota ya dirisha, wa tatu akafungua afunge vitasa vya rimoti. Kila mmoja aliichana ile plastiki, akairudisha nusunusu au akaitupa kabisa, akafunga ubao, mlango ukaonekana kama ulivyokuwa. Mvua ikinyesha, maji hayana tena cha kuyazuia: yanateremka nyuma ya ubao, yanavuka kizingiti, yanazama chini ya kapeti. Mwenye gari anakwenda kununua raba mpya za milango, na gari linaendelea kuvuja, kwa sababu raba hazikuwa na kosa. Uzee nao haukuwa na kosa. Kosa ni la mkono wa mtu, na tiba yake ni kipande cha nailoni nzito na gundi ya kunata isiyokauka.

Mlango huohuo una njia nyingine ya kuuawa. Fundi rangi anapopaka pati na rangi ukingoni, yale matundu ya chini huziba, au tope na vumbi la miaka huyaziba polepole. Mlango unageuka ndoo. Ukifunga breki unasikia maji yakicheza ndani yake. Chuma kinaanza kuoza kwenye mshono wa chini kutokea ndani kuja nje, na siku rangi inapotoa uvimbe mdogo kama upele, watu wanasema kutu imeanza. Kutu haijaanza hapo. Uvimbe ule ni dalili ya mwisho, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo husukuma rangi pale tu ilipokwisha kushiba. Kuukwangua na kuupaka pati ni kumfunika mgonjwa shuka.

Njia zilizobaki za maji kuingia ni nyingi lakini hazina fumbo. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji wa kupokea maji ya mvua. Gari likilala chini ya mwarobaini mwaka mzima, vijani vile vidogo hugeuka udongo, mfereji unaziba, na maji hupanda mpaka yapate tundu la kuingilia kwenye feni ya hewa. Taa za nyuma zina gasketi ambayo hukauka, au haikurudishwa taa ilipobadilishwa, na maji hutiririka hadi shimo la spea tairi, ambako hukaa miezi hadi siku ya pancha. Sakafu ina vizibo vya raba, na kimoja kikidondoka, dimbwi linaingia kutoka chini. Hapa tuseme pia kwamba mitaa yetu inalifanyia gari dhuluma: mitaro imeshiba chupa za plastiki, barabara inakuwa mto baada ya mvua ya nusu saa, na dereva hana njia nyingine ila kupita humohumo. Kuna na AC, ambayo hukamua maji kutoka hewani na kuyatoa kwa bomba jembamba chini ya gari. Bomba likiziba, maji humwagikia miguuni pa abiria hata kiangazi. Na maji yakiwa na utelezi na harufu tamutamu, hayo si ya mvua wala ya AC, ni ya kupozea injini, yametoka kwenye kijirejeta cha hita ndani ya dashibodi. Kila maji yana asili yake na ushahidi wake. Anayesema "uzee" amekataa kutafuta.

Na maji hayo yakishaingia hayatoki. Chini ya kapeti kuna tabaka nene la sponji na nyuzi lililowekwa kupunguza kelele, linanyonya lita kadhaa na kuzishikilia. Juu kapeti hukauka kwa jua la siku moja, chini hubaki mbichi kwa wiki. Gari lililofungwa vioo juani linakuwa chungu chenye kifuniko: mvuke unapanda, asubuhi vioo vina ukungu kwa ndani, harufu ya uvundo inafichwa kwa kijiti cha manukato kilichoning'inizwa kiooni. Kwenye sponji hiyohiyo umelala mkonga wa waya unaokwenda taa za nyuma, pampu ya mafuta na mikanda ya usalama. Soketi zinaota ukijani. Katika magari mengi ya Kijapani ya umri huo, kontrol boksi ya injini imekaa chini ya dashibodi au pembeni mwa miguu ya abiria, ukutani kabisa mwa njia ya maji. Ndipo gari linapoanza kukata mlio, kuwasha taa ya injini na kuizima lenyewe, kugoma siku za mvua na kupona siku za jua. Fundi anabadilisha plagi, anabadilisha sensa, anabadilisha pampu. Fedha zote zinamwagwa kwenye boneti, na ugonjwa uko chini ya kapeti. Wanaosema gari ni injini waliangalie jambo hili vizuri: sehemu kubwa ya yale wanayoyaita matatizo ya injini katika gari lililovuja ni matatizo ya bodi yaliyosafiri kwa waya.

Wenye imani hii wana tiba mbili wanazozipenda, na zote mbili zinadhuru. Ya kwanza ni silikoni. Inapakwa kila mahali, kwenye kioo, kwenye mshono wa paa, kwenye buti, bila kutafuta maji yanaingilia wapi. Silikoni ya kawaida ya dukani, ile inayonuka siki ikiwa mbichi, inanuka hivyo kwa sababu inatoa asidi ya siki inapokauka, na asidi hiyo hula chuma kisichokuwa na rangi. Juu yake rangi haishiki tena. Kwenye kioo cha mbele ni hatari zaidi, maana kioo kile hushikwa na gundi maalumu ya uretheni kwa kuwa ni sehemu ya nguvu za bodi, na katika magari mengi mfuko wa hewa wa abiria hujiegemeza juu yake unapofumuka. Tiba ya pili ni kutoboa sakafu kwa drili ili maji yatoke. Mtu anatoboa tundu katika chuma kisichofika milimita 1, analiacha bila rangi kingoni, halafu anashangaa kuona baada ya masika mawili tundu limekuwa na upana wa kikombe. Tundu la kutolea maji ni tundu la kuingizia maji. Hilo si suala la ufundi, ni suala la kufikiri dakika moja.

Wapo wanaojibu kwamba kutu ni ugonjwa wa nchi za baridi wanakomwaga chumvi barabarani, na sisi hatuna theluji. Wanasahau magari haya yametoka wapi. Hokkaido na Tohoku, kaskazini mwa Japani, barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi, na gari lililoishi huko hufika Mombasa au Dar es Salaam likiwa na jeraha tayari chini ya tumbo, limefunikwa rangi nyeusi iliyopulizwa. Kisha linaishi pwani, katika upepo wa chumvi mwaka mzima. Serikali zetu nazo hutegemea sana miaka ya gari: Kenya imeweka mpaka wa miaka 8 kuingiza gari la mtumba, Tanzania inatoza ushuru wa uchakavu kwa umri. Miaka haiozi. Gari la miaka 6 kutoka kwenye chumvi ni bovu kuliko la miaka 14 lililokaa kwenye karakana kavu, na forodha humtoza ushuru wa uchakavu mwenye hili zima na kumsamehe mwenye lile bovu.

Wengine husema mtu wa gari la bei ya chini hawezi kudai bodi. Hao ndio wanaopaswa kujibiwa kwa nguvu, kwa kuwa hapa tunazungumzia uhai. Mkanda wa usalama umefungwa kwa bolti kwenye sakafu na chini ya nguzo ya kati, palepale kizingitini ambako maji ya mlangoni hutulia. Uingereza, katika ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, gari hukataliwa likikutwa na kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka ulipofungwa mkanda, hata kama injini inaimba. Wameelewa kwamba mkanda hauna nguvu kuliko bati uliloshikilia. Familia iliyonunua gari la bei ya chini ina watoto kiti cha nyuma kama familia nyingine yoyote.

Na ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Kabla boneti haijafunguliwa, bolti nne za kiti cha mbele zifunguliwe, kiti kitolewe, kapeti likunjwe, na kiganja kigandamize sponji kujua kama kuna ubichi. Halafu mpira wa maji, mtu mmoja nje akianza kumwagia chini na kupanda polepole kuelekea paani, mwingine ndani na tochi na poda ya watoto iliyonyunyizwa kwenye mishono, mpaka mstari wa kwanza wa maji uonekane. Kisha bisibisi igonge pembeni mwa bolti ya mkanda, kulia na kushoto. Chuma kikiitika kwa mlio mkavu, basi fundi na aende akasikilize injini yake.