Ati Kiitaliano? Utamfundisha nani?

Komredi na marafiki, mniwie radhi kwa kupotea. Majaribio ya katikati ya muhula yamenikalia shingoni wiki mbili nzima, na intaneti ya hosteli mnaijua wenyewe. Leo nimerudi, na nimerudi na kahasira kadogo.

Chanzo ni maongezi ya jana usiku chumbani. Nilisema, tena kwa sauti ya chini tu, kwamba nikimaliza hii digrii ya ualimu (Kiswahili na Historia, kama mjuavyo) ningependa kusoma Kiitaliano, lugha pamoja na utamaduni wake, kama somo kamili la chuo kikuu. Chumba kizima kikacheka. Mmoja akauliza, "Ati Kiitaliano? Utamfundisha nani?" Kabla sijajibu, mwingine akanijibia: "Si anatoka Malindi! Anataka kuuza vinyago." Nikacheka nao, maana tunalala wanne humo ndani na muhula bado mrefu. Lakini usingizi haukuja.

Sasa, swali la kwanza si la kijinga. Lugha za kigeni zinazotahiniwa kwenye KCSE ni Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu. Kiitaliano hakimo. Mwalimu aliyesomea somo lisilo na darasa hana wa kumwajiri, na mkopo wa HELB unanisubiri mlangoni kama unavyowasubiri nyinyi. Hilo nalijua. Lililoniuma ni lile la vinyago.

Kwetu Malindi Kiitaliano hakisomwi, kinaokotwa. Waitaliano wako kule tangu enzi za kurusha setilaiti kutoka Ngomeni (ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu), halafu zikaja hoteli na pizza. Vijana wa ufuoni wanakisema kwa kasi, pamoja na matusi yake. Mjomba wangu ni mmoja wao. Zaidi ya miaka ishirini anapeleka watalii kuangalia matumbawe, na anaweza kumchekesha bibi wa Milano mpaka amwage machozi. Kukisoma darasani, hata siku moja.

Mjomba alikuwa na boti ya kioo, yake mwenyewe, aliyoilipia kidogo kidogo. Mwitaliano mmoja akataka kuitumia kwa wageni wake. Wakaelewana kwa mdomo, kwa Kiitaliano kizuri kabisa, kisha ikaletwa karatasi. Mjomba akaisoma kwa herufi zetu hizi hizi, akafika kwenye neno comodato. Akaona analijua. Comodo si ni raha, starehe? Kiti comodo, kitanda comodo. Akaona huo ni mpango wa kustarehesha pande zote mbili, akatia sahihi. Miaka mitatu boti ilikwenda baharini, na yeye akala bakshishi tu. Alipodai kodi akaonyeshwa karatasi.

Mie mwaka jana nikaanza darasa la jioni la Kiitaliano, la kulipia, na nauli yake imenimaliza. Nikaifungua ile karatasi na kamusi mkononi. Kukodisha ni noleggio. Comodato ni kuazima, na katika sheria ya Italia kuazima kwa aina hiyo hakuna malipo. Hata haihitaji kuandikwa kwamba ni bure. Neno moja, komredi.

Basi ndiyo maana nasema Kiitaliano kiko cha kuuzia na kiko cha kusomea, na sisi watu wa Pwani tumepewa kile cha kwanza tukaambiwa kinatutosha. Chukueni hata hiyo ciao inayopigwa ufuoni kutwa nzima. Imetoka Venezia, kwenye neno la kule lenye maana ya mtumwa: mimi ni mtumwa wako. Nilipoambiwa hivo nilikumbuka shikamoo yetu, inayosemwa ilianza kama kushika miguu. Darasa zima lilipita hapo haraka. Mie nilibaki palepale mpaka kipindi kikaisha.

Na nyinyi wa Kitivo cha Elimu ndio hasa ninaowashangaa. Montessori tunamkariri kwa ajili ya mtihani, mwaka 1907, Roma, imekwisha. Barbiana je, nani amepata kuisikia? Ni kijiji cha milimani kaskazini ya Firenze. Kasisi Lorenzo Milani alipelekwa kule mwaka 1954, akafungua shule ya watoto wa wakulima ambao shule za serikali zilikuwa zimewafelisha na kuwatupa. Wakisoma magazeti darasani, neno kwa neno. Mwaka 1967, mwezi mmoja tu kabla ya kasisi kufariki, wanafunzi wake walitoa kitabu walichokiandika pamoja naye, Lettera a una professoressa, yaani barua kwa mwalimu wa kike. Hoja yao ni kwamba shule inawaondoa maskini na kusema hawana akili, na ilhali walichokosa ni lugha ya wenye nafasi. Nilikisoma polepole, ukurasa mmoja kwa siku, na kila ukurasa nilimwona mjomba.

Wanakiswahili pia mna yenu humo. Italia ilipounganishwa mwaka 1861, mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba waliokuwa wakisema Kiitaliano sanifu ni kama 2.5 kwa kila watu 100. Castellani akabisha, akapandisha karibu na 10. Hata kwa hesabu hiyo, wengi walikuwa na lahaja zao, na lugha ya Firenze ikashinda kwa nguvu ya vitabu. Sisi usanifu wetu ulipita kwa kikao, Mombasa 1928, Kiunguja kikachaguliwa. (Nyanya yangu mpaka leo hajakubali.) Na wanahistoria: Jubaland iliyokuwa sehemu ya Kenya Uingereza iliipa Italia mwaka 1925. Kumbukumbu za utawala uliofuata ziliandikwa kwa lugha gani, kama si hiyo ya vinyago?

Kwa hiyo kumfundisha nani? Watoto wa Malindi na Watamu, kwa kuanzia, wanaokisema tayari na hawawezi kuandika barua. Naomba kiingizwe kwenye masomo ya kufundishia, hata kama ni kwa shule chache za Kilifi. Kisipoingizwa, nitatafuta nafasi Perugia au Siena, kwenye vyuo vikuu vyao vya wageni, na pesa sijui nitazitoa wapi. Mama anasema nimalize kwanza hii niliyo nayo. Ana haki.

Jumapili mjomba alipiga simu. Nilikuwa nimemtumia ile karatasi yake, Kiswahili chini ya kila mstari. Amefika mstari wa nne.

"Huyu comodante ni nani?"

"Ni yule anayetoa kitu kuazima. Ni wewe, mjomba."

Akanyamaza mpaka nikadhani salio limemwishia.

"Haya," akasema. "Nisomee wa tano."